Ukame ni wa Mbingu, Kiu ni ya Nani?

Siku moja katika somo la uandishi wa insha, mwalimu alituuliza swali: uhaba wa maji katika sehemu zinazokumbwa na ukame husababishwa na nini? Alitaka kila mmoja wetu ataje sababu moja na kuitetea. Mwenzetu anayetoka Kayonza ndiye aliyeanza. Alikuwa na mengi ya kusema, kwa sababu mwaka 2016, mvua zilipokosekana katika Mkoa wa Mashariki, yeye alikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe, na njaa ile ambayo watu waliipa jina la Nzaramba aliiona kwa macho yake. Mimi nilipoinua mkono, akacheka. "Wewe wa Rusizi utatuambia nini juu ya ukame? Ninyi mna ziwa zima!"

Darasa zima likacheka, nami nikashusha mkono. Insha hii ni jibu nililoshindwa kulitoa siku ile.

Ni kweli kwamba tuna ziwa. Ziwa Kivu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,700, na kina chake kinapita mita 470. Mto Rusizi unatoka humo kati ya Kamembe na Bukavu, unateremka kwenye makorongo, unafika katika uwanda wa Bugarama ambako Rwanda, Kongo na Burundi zinakutana, kisha unaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Njiani unazungusha mitambo ya umeme inayowasha taa katika nchi zote hizo tatu. Mashariki yetu uko msitu wa Nyungwe, unaopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Katika mgongo wa msitu ule, tone likianguka upande wetu litaishia Kongo, na likianguka upande wa pili litaishia Nile. Mtu akiitazama ramani anaweza kusema kwamba watu wa Rusizi wakilalamika kiu ni watovu wa shukrani tu.

Lakini ziwa liko chini na watu wako juu. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na kutoka uani unaweza kuuona Mto Rusizi ukimeta kule bondeni. Maji ya bomba la kijiji hayatoki mtoni wala ziwani. Yanatoka kwenye chemchemi iliyo mlimani, yakiteremka yenyewe kwa sababu kuyapandisha kutoka chini kunahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme au mafuta, na vyote hivyo vinahitaji fedha. Kuanzia Juni mpaka Agosti chemchemi inapungua. Ukifungua bomba linatoa pumzi, halafu linanyamaza. Hapo mdogo wangu huamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni na jerikani yake, au mama hununua kwa kijana mwenye baiskeli, kwa bei inayopanda kadiri jua linavyozidi kuwaka. Yote hayo hutendeka huku tukiutazama mto.

Ndiyo maana naona swali la mwalimu wetu lilibeba maswali mawili. Ukame ni mvua kutonyesha. Kiu ni mtu fulani kukosa maji. Mara nyingi tunayataja mambo haya kwa neno moja, kana kwamba la kwanza lazima lizae la pili. Kwetu kiu ipo bila ukame mkubwa, na ziko nchi zenye jangwa ambako watu huoga mara mbili kwa siku.

Mwaka 1981 mwanauchumi Mhindi Amartya Sen alitoa kitabu kiitwacho Poverty and Famines, ambamo aliichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Alionyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kuweza kueleza vifo vile. Kilichopungua ni uwezo wa watu fulani, hasa vibarua wa mashambani, kukipata. Sisi Wanyarwanda tuna sababu ya kuushangaa mwaka huo, maana ndio mwaka Ruzagayura ilipoingia kwetu na kuendelea hadi 1944. Mvua zilikosekana, na ugonjwa ukashambulia viazi. Hayo hayakuwa makosa ya mtu. Lakini Wabelgiji waliotutawala walikuwa vitani, na mzigo wa vita vyao ulishuka hadi kwa mkulima wa kilimani: mazao yake, ng'ombe wake, na siku zake za kazi ya lazima. Watu wengi walikimbilia Kongo. Ukimwambia mtoto wa leo kwamba Ruzagayura ililetwa na ukame hujasema uongo, ila umemwachilia mtu aliyepaswa kuulizwa.

Mpaka hapo wengi wenzangu watakubaliana nami, na ningeweza kumaliza kwa kusema kwamba kiu ni kosa la wanadamu. Lakini sentensi hiyo inanitia wasiwasi, kwa sababu nimeona inakoelekea. Ukisema "ni kosa la wanadamu", kesho yake mtu atauliza "wanadamu gani?", na jibu litakalotolewa haraka litakuwa la wale waliokutwa na jembe mkononi.

Chukueni mfano wa kinamasi cha Rugezi, huko Kaskazini. Rugezi hunyonya mvua kama sifongo na kuiachia polepole ndani ya Ziwa Burera, kisha maji hayo hushuka hadi Ziwa Ruhondo yakipitia mtambo wa umeme wa Ntaruka, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu waliokosa ardhi milimani waliingia kinamasini, wakachimba mifereji ya kukausha, wakapanda. Ilipofika mwaka 2003 na 2004 maji ya Burera yalikuwa yameshuka sana, Ntaruka ikakosa nguvu, Kigali ikawa gizani mara kwa mara na nchi ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Mvua haba zilichangia, na namna mtambo wenyewe ulivyoendeshwa ilichangia pia. Lakini kukaushwa kwa kinamasi ndiko kulikosemwa zaidi. Kilimo kikasimamishwa mle ndani, mianzi na majani yakapandwa pembezoni, matuta yakachimbwa milimani, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji yakarudi.

Sisemi kwamba ilikuwa vibaya kuiokoa Rugezi. Ilikuwa lazima, na natamani tungefanya vivyo hivyo mapema kwa msitu wetu mdogo wa Cyamudongo, ambao leo umebaki kama kisiwa kilichotengwa na Nyungwe kwa mashamba. Ninachouliza ni hiki: nani alilipa? Aliyekuwa mjini alirudishiwa taa. Aliyekuwa kinamasini aliondoka na jembe lake. Tena huyo wa kinamasini huenda hakuwahi kuwa na taa ya kuzimika.

Bugesera nako ni hivyohivyo. Husemwa kwamba eneo lile limekauka kwa sababu watu walifyeka msitu, na ni kweli walifyeka. Karibu mwaka 2000 ukame ulikuwa mkali hata Ziwa Cyohoha la Kaskazini likakauka. Lakini wengi wa waliofyeka walikuwa familia zilizosukumwa huko kwa nguvu kuanzia machafuko ya 1959, zikatupwa kwenye pori lenye mbung'o ziishi au zife. Walikata miti ili waishi. Je, hao nao tuwaandike katika orodha ya sababu, kama tulivyokuwa tukiandika ubaoni siku ile, "1. Ukataji miti"?

Naona tumechanganya sababu na kosa. Mkulima wa Rugezi ni sababu ya Burera kushuka, kama vile mvua haba ilivyo sababu. Ili awe na kosa yatakiwa mambo zaidi: je, alijua mfereji wake utafanya nini huko mbali? Alikuwa na shamba lingine la kwenda? Mfereji mmoja haukuweza kuzima taa ya Kigali, na kila mmoja alichimba mmoja tu. Kwa hiyo ukubwa wa hasara hautupi ukubwa wa kosa. Hasara kubwa sana inaweza kutokea pasipo hata mtu mmoja mwenye hatia kubwa. Wanaoujua mjadala wa mabadiliko ya hewa wataona swali hilohilo huko, ila safari hii wenye mifereji ni matajiri wa dunia, nao walishaambiwa zamani.

Kinyume chake pia ni kweli: hasara ndogo inaweza kuwa na kosa zima ndani yake. Hapa sina kitabu cha kutegemea, nina tochi tu.

Familia yetu ina majaruba mawili ya mpunga katika uwanda wa Bugarama. Uwanda ule ndio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kama mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la kawaida kwa nchi ya milima. Maji ya mashamba yanapita katika mifereji, na kwa kuwa hayatoshi wote kwa wakati mmoja, wakulima wamejiwekea zamu. Anayefungua siku yake hufunga kwa udongo na gome la mgomba siku ikiisha. Hakuna polisi wala kufuli. Kuna aibu tu, na aibu hufanya kazi vizuri mchana.

Mwaka mmoja, nikiwa bado sekondari, mvua ziliondoka mapema na mpunga ulikuwa ndio kwanza unatoa mashuke. Zamu yetu ilikuwa imebakiza siku tatu. Baba alisema siku tatu ni nyingi. Usiku tulishuka naye bondeni, akaondoa udongo kwenye mdomo wa mfereji wetu na kuupanga upande wa pili, maji yakageuka. Mimi nilishika tochi. Hatukusema neno. Kabla ya alfajiri alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na usiku uliofuata tukarudia.

Jaruba la chini yetu lilikuwa la mama mmoja mjane. Zamu yake ndiyo iliyokuwa ikiendelea. Juma moja baadaye nilimkuta amesimama kwenye kingo, mpunga wake umeanza kuwa wa njano pembeni. Nikamwamkia. Akaniitikia, akatazama juu, akasema, "Mwanangu, mwaka huu ukame ni mkali." Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mkali."

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo kila ninaposikia mtu anaeleza sababu za uhaba wa maji. Mama yule alisema alichokiamini. Mimi nilisema kweli pia, kwa kuwa ukame ulikuwapo na ulikuwa mkali. Lakini neno lilelile kinywani mwake lilikuwa maelezo, na kinywani mwangu lilikuwa maficho. Maji tuliyochukua yalikuwa kidogo mno hata huwezi kuyataja mbele ya Rugezi, na bado baba alijua, alikuwa na njia nyingine (siku tatu za kungoja), na aliyeumia tulimfahamu kwa jina. Siwezi kumweka pamoja na mkulima wa kinamasini. Siwezi kujiweka huko mimi pia, ingawa mtu anaweza kunitetea kwamba nilikuwa mtoto na nilitumwa.

Dini zetu zimeliona jambo hili mapema. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo majirani zetu wengi wa Bugarama na Kamembe wameyafuata tangu utotoni, watu wote ni washirika katika maji, malisho na moto. Umoja wa Mataifa ulikuja kusema mwaka 2010 kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Ni maneno mazuri, nami nayakubali yote mawili. Ila haki ya binadamu hudaiwa kwa serikali, na ni vema idaiwe: pampu ya kijiji chetu sitaipata kwa baba yangu. Ushirika hudaiwa kwa jirani, usiku, kwenye mdomo wa mfereji. Mwenzangu wa Kayonza akiniuliza tena ninajua nini juu ya ukame, nitamjibu kwamba najua kidogo juu ya ukame na zaidi juu ya huo wa pili.

Msimu uliofuata mvua zilikuwa nzuri. Baada ya mavuno baba alipima debe moja la mpunga, akaniambia nimpelekee yule mama. Hakunieleza sababu. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaniombea masomo mema. Hakuuliza lilikuwa la nini, na mimi sikumwambia.