Wepesi Unaouzwa Ghali

Dhahabu haihitaji mtetezi. Mpelekee sonara wa Mombasa bangili ya bibi harusi: ataisugua kwenye jiwe lake jeusi, ataiweka kwenye mizani, atataja bei, wala hatauliza ilinunuliwa duka gani. Sasa mpe Rolex Yacht-Master 42 ya titaniamu, iliyotoka mwaka 2023 kwa bei inayozidi dola 13,000. Mizani yake haina la kusema. Saa hii inajivunia uzito uliopunguzwa.

Basi mnunuzi analipia nini? Kama ni wepesi, Casio F-91W ya plastiki ina gramu 21 tu. Kama ni usahihi, Casio hiyohiyo hukosea kwa sekunde 30 hivi kwa mwezi, ilhali Rolex huahidi sekunde mbili kwa siku, nazo zikijumlishwa zaweza kufika dakika nzima. Uadimu nao hausaidii: titaniamu ni ya tisa kwa wingi katika gamba la dunia. Mchanga wake ulichimbwa Kwale hadi Desemba 2024 na kupakiwa melini pale Likoni, na sehemu kubwa ya madini haya duniani huishia kuwa weupe wa rangi ya ukuta na dawa ya meno.

Labda tunalipia taabu. Kuitoa titaniamu kwenye madini yake kunataka klorini, magnesiamu na joto kali. Ikishatoka, hula visu vya mashine, na vumbi lake laweza kushika moto. Hoja hii ina nguvu, ila hainitoshi. Mzee aliyewekewa nyonga ya titaniamu anatembea na taabu hiyohiyo mwilini. Hakuna anayeiona, hakuna anayeisifu, naye anapanda ngazi za msikiti.

Taabu hueleza gharama. Thamani ya saa hii iko kwa mashahidi. Kijivu chake kimefifia, wengi barabarani wataiona chuma tu, na wachache wanaojua ndio wanaolengwa. Hata dhahabu, tukisema kweli, ina mashahidi wake, ila ni wengi mno na wa kale mno hata tumewasahau.

Anayekiri kuwa analipia kutambuliwa na wachache hao, sina ugomvi naye. Anayesema analipia gramu alizopunguziwa, huyo nitamwuliza mbona hakununua Casio.