Jina Moja, Kazi Mbalimbali



Tarehe 24 Juni Kanisa hukumbuka kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohana Mbatizaji, na katika parishi yetu akina Yohana si haba. Kitabu cha ubatizo kimejaa jina hilo tangu kurasa za kwanza: wengine wameandikwa Yohana, wengine John, kwa kadiri kalamu ya kasisi wa siku ile ilivyopenda. Mwaka huu tumepata sababu ya kulitafakari jina hili kuliko miaka mingine, nasi tumeruhusiwa na wenyewe kuieleza.

Kijana mmoja mwenye jina hilo alikuwa katika darasa la Kipaimara. Alihudhuria vizuri, kisha akaacha. Jumamosi ya tatu tulipoona hayupo, tulifunga safari pamoja na katekista kwenda kwao. Tuliwakuta yeye na baba yake kando ya shamba wakijaza viazi katika magunia. Kijana akatuamkia, akainamisha kichwa. Baba ndiye aliyesema:

"Padri, kuna nini cha kuficha? Matokeo ya shule yametoka, ameshika mkia. Sisi tulimpa jina la watu. Tumepata Maaskofu Wakuu wawili walioitwa John. Waziri Mkuu John Malecela. Rais John Magufuli. Sasa huyu ni John gani?"

Kijana hakumjibu baba yake. Alitusindikiza mpaka njiani, na huko akatuuliza neno moja tu: "Padri, siku ya Kipaimara, Askofu hawezi kunibadilishia jina?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia tutarudi juma lijalo, nasi tulirudi. Tuliyomwambia twayaandika hapa, maana jambo hili si la nyumba moja. Wazazi wengi katika parishi zetu, kutoka Mbeya hata Iringa, huwapa watoto majina ya watu wakubwa, kisha huwadai watoto ukubwa huo kama mtu anavyodai fedha aliyokopesha.

Kwanza tujiulize, jina latoka wapi? Kwetu Nyanda za Juu Kusini jina ni mali ya ukoo. Mtoto akizaliwa, bibi na mashangazi huwa wamekwisha kukata shauri nani arithiwe. Desturi hii si mbaya, maana humfundisha mtoto kwamba hakujileta mwenyewe duniani. Tazameni jina la Mkwawa, ambalo kila mtoto wa Iringa analijua. Chifu Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akaona heri afe kuliko kutiwa mikononi mwao. Fuvu lake liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, aliyelipokea alikuwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Huyu mjukuu, kuanzia mwaka 1962, alikuwa Spika wa Bunge, na akakaa katika kazi hiyo miaka mingi. Babu alishika mkuki. Mjukuu alikalia kiti ambacho kazi yake ni kuwapa wengine zamu ya kusema. Je, nani atasema kwamba huyu hakuwa Mkwawa kwa sababu hakupigana vita? Jina lilikuwa moja, lakini kila mmoja alipewa kazi ya wakati wake.

Tena twasoma katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, jinsi jina la Yohana lilivyozua mabishano ya ukoo. Siku ya nane ndugu na majirani walikusanyika, wakataka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Elisabeti akakataa. Wakamshangaa, wakamwambia hakuna hata mtu mmoja wa jamaa yake mwenye jina hilo. Bila shaka wengi wenu mnaijua mikutano ya namna hiyo! Wakamwuliza baba kwa ishara, maana alikuwa bubu. Naye akaomba kibao, akaandika kwamba mtoto ni Yohana. Papo hapo ulimi wake ukafunguliwa.

Na jina hili maana yake ni nini? Kwa Kiebrania maana yake ni kwamba Bwana ametoa neema. Sasa angalieni siku lilipotolewa. Mtoto alikuwa na siku nane. Hakuwa amehubiri, hakuwa amebatiza mtu, hakuwa amemkemea Herode. Alikuwa ananyonya tu. Neema ilitajwa kwanza, kazi ikaja baadaye. Hapa ndipo baba wa kijana wetu alipokosea, na sisi pia hukosea pamoja naye. Tunaligeuza jina kuwa deni, nalo lilitolewa bure.

Baba yule aliwataja wenye vyeo. Habari za Waziri Mkuu na za Rais zinajulikana, hatuna haja ya kuzirudia. Tuwatazame wengine wa jina hili, tuone kama kazi zao zilifanana.

Wale Maaskofu Wakuu wawili ni John Sepeku na John Ramadhani. Jimbo la Kanisa Anglikana Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1970, Askofu Sepeku wa Dar es Salaam ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza. Baada yake akaja Askofu Mkuu Musa Kahurananga, na mwaka 1984 akaja Askofu Mkuu John Ramadhani, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar na Tanga. Walikalia kiti kimoja na jina lao lilikuwa moja, lakini kazi hazikuwa sawa. Wa kwanza alipewa kuanzisha, na mtu anayeanzisha hana njia ya kufuata. Wa pili alipewa kulea kilichoanzishwa, mpaka mwaka 1998. Tena tazameni jina la huyu wa pili: Yohana, pamoja na jina la mwezi ambao ndugu zetu Waislamu hufunga. Majina mawili hayo yalikaa kwa amani juu ya mtu mmoja, naye akawa mchungaji.

Tuje sasa hapa Mbeya. Kila mwaka mwezi wa Agosti wakulima humiminika Uyole kwenye maonyesho ya Nane Nane, katika viwanja vya John Mwakangale. Ukimwuliza kijana wa leo John Mwakangale ni nani, huenda akakujibu kwamba ni uwanja. La, alikuwa mtu, Mbunge wa TANU, na mmoja wa waliopigania uhuru wa nchi hii. Mwezi Januari 1962, uhuru wetu ukiwa haujatimiza hata miezi miwili, ndege ndogo ilimleta Mbeya mgeni aliyetoka kwao kwa siri. Mgeni huyo alikuwa Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Yeye mwenyewe ameandika katika habari za maisha yake kwamba aliketi katika hoteli hapa Mbeya, akashangaa kuona weusi na weupe wamekaa pamoja wakizungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona mahali pa watu wote. Aliyekuwa akimngojea ni Bwana Mwakangale. Naye Mwakangale alikuwa amekwisha kufika kumwulizia, ila mama wa mapokezi alisahau kumwambia mgeni.

Ndugu, kumpokea mgeni si kazi inayopigiwa ngoma. Siku ile hakuna aliyejua kwamba mgeni yule angekaa gerezani miaka 27, kisha mwaka 1994 awe Rais wa nchi yake. Lakini je, kazi ya Yohana Mbatizaji ilikuwa nini? Ilikuwa kumtengenezea njia mwingine, kisha kumpisha apite. Ukipita Uyole ukaona jina lile, kumbuka kwamba pana heshima katika kumfungulia mwingine mlango.

Hatuna budi kumtaja mwingine, maana si haki kutaja mazuri peke yake. Mwezi Januari 1964, siku za Mapinduzi ya Zanzibar, sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mtu aliyetoka Uganda. Yalikuwa maneno ya vitisho vikali, na wako watu wazima ambao hata leo hawajayasahau. Hakumaliza nusu mwaka kabla ya kuondolewa visiwani. Hatumhukumu, Mungu ndiye Hakimu. Ila twajifunza kwamba jina lenye maana ya neema halimlainishi mtu ulimi kwa nguvu zake lenyewe. Jina si hirizi. Mzazi asimpe mtoto jina zuri kisha akaketi, akidhani jina litamlea kwa niaba yake.

Sasa tumekuja kwa yule ambaye tulimwendea kijana wetu kwa ajili yake. John Stephen Akhwari alitoka Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico. Mji ule uko juu sana na hewa yake ni nyepesi. Misuli ikamkaza, kisha katika msongamano akaanguka, goti likaumia vibaya. Akafungwa bandeji. Wakimbiaji walioanza walikuwa 75, na 18 kati yao waliacha njiani. Akhwari hakuacha. Alikimbia akichechemea, akatembea, akakimbia tena. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa nzima iliyopita, na jua limekwisha kuzama, ndipo Mtanzania huyu alipoingia uwanjani. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aende mbali vile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Huyu ni John aliyeshika mkia. Wale waliokuwa wa kumi na wa ishirini siku ile, ni nani kati yetu anayewajua kwa majina? Lakini hatusemi kwamba kushika mkia ni kuzuri, wala hatumwambii kijana asisome. Tunasema kwamba mahali ulipo katika mstari si jina lako. Wa mwisho bado yumo mbioni maadamu hajatoka.

Na hata aliyetoka anaweza kurudi. Katika Matendo ya Mitume yumo Yohana mwingine, aitwaye Marko. Alisafiri na Paulo na Barnaba, na walipofika Pamfilia akawaacha, akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo hakutaka kumchukua tena, ikawa ugomvi mkali hata mitume wale wawili wakatengana. Barnaba ndiye aliyemchukua. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni aliandika kuagiza huyo huyo Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kama Barnaba naye angefunga mlango, Paulo angemwagiza nani?

Hayo ndiyo tuliyomweleza kijana, na baba yake ameketi juu ya gunia anasikiliza. Kijana alikuwa na swali moja tu: "Padri, watu uwanjani walimngoja?"

Tukamjibu kweli. Wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Walibaki wachache, na hao wachache wakasimama wakampigia makofi.

Baba alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Darasa ni kesho?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Atakuja. Viazi vitangoja."

Basi, ndugu, tunasema nini? Ninyi wazazi, wapeni watoto majina mema, ya ukoo na ya watakatifu, lakini msiwadai watoto maisha ya watu wengine. Mtoto wako hataulizwa mbele za Mungu kwa nini hakuwa Askofu Mkuu. Ataulizwa juu ya kazi aliyopewa yeye. Ninyi wasimamizi wa ubatizo, mlisimama kisimani mkaahidi. Je, mnajua watoto wenu wa ubatizo wako wapi leo? Ni nani kati yao aliyeacha darasa, na ni nani aliyemfuata? Nanyi vijana, msiyaonee haya majina yenu. Mlipewa kabla hamjashinda wala kushindwa neno lolote.

Nasi sote tujitazame. Tumekuwa wepesi kumshangilia anayefika wa kwanza, kisha tukaondoka uwanjani kabla wengine hawajafika. Kanisa lisifanane na uwanja uliobaki mtupu. Kazi yetu ni kubaki mpaka yule wa mwisho aingie, goti lake likiwa limefungwa bandeji, na kumpokea kwa jina lake.

Askofu atakapokuja, tumemwandikia majina ya darasa zima. Hatukubadili hata moja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo ikae nanyi nyote. Amina.