Je, Pikipiki Inaweza Kuwa Mwaminifu?

Katika gereji za Buyenzi, sifa kubwa ambayo pikipiki inaweza kupewa ni kwamba "inaaminika". Neno hilo lina uhusiano na imani, amana na uaminifu, yaani tunakisifu chuma kwa lugha ile ile tunayomsifia mtu. Swali la insha hii ni kama lugha hiyo ni sahihi. Je, chombo chenyewe kinaweza kustahili imani, au tunapokisifu hivyo tunamsifu mtu aliye nyuma yake? Swali hili si la maneno tu. Breki ikikataa kushika kwenye mteremko wa kutoka Bugarama, jibu lake ndilo litakaloamua nani alaumiwe.

Mfano mzuri wa kuanzia uko mbali nasi: mabishano kuhusu Buell, pikipiki za michezo za Marekani. Erik Buell, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Harley-Davidson, alianza kuunda pikipiki zake mwaka 1983. Baadaye alichukua injini za Harley na kuziweka ndani ya fremu alizozibuni mwenyewe. Katika Firebolt, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, petroli iliwekwa ndani ya fremu, oili ndani ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na diski ya breki ya mbele ikafungwa kwenye ukingo wa gurudumu badala ya kitovuni. Nia ilikuwa kupunguza uzito na kuukusanya katikati. Harley, ambayo wakati huo ilikuwa mmiliki wa kampuni hiyo, ilitangaza kuifunga Oktoba 2009. Mabishano hayakufungwa nayo. Wapo wanaosema Buell alikuwa mbele ya wakati wake. Wapo wanaosema alivika ubunifu mzuri juu ya injini ya kizamani yenye mtikisiko, na kwamba mnunuzi ndiye aliyelipia majaribio yake.

Kwa maoni yangu, pande hizo mbili hazijibu swali moja. Aristotle alifundisha kwamba ubora wa kitu ni kufanya vizuri kazi yake: ubora wa farasi ni kukimbia vyema na kumbeba mpandaji wake. Basi kazi ya pikipiki ni ipi? Ikiwa ni kumfurahisha mtu kwenye kona, Buell ina watetezi wenye haki. Ikiwa ni kufika kila siku bila tatizo, wakosoaji wana la kusema. Lakini pande zote mbili zina jambo moja linalofanana: mwenye kuinunua aliichagua mwenyewe, akijua kwamba ni chombo cha starehe na cha hatari. Ikiharibika, anayeumia kwanza ni yeye.

Turudi Bujumbura. Taksi-moto zetu nyingi ni za Kihindi, kama TVS na Bajaj Boxer, zenye injini ya silinda moja inayopozwa na hewa. Hakuna anayebishania uzuri wake. Zinasifiwa kwa sababu zinawaka asubuhi, spea zake zinapatikana, na fundi anaweza kuzifungua kwa spana chache. Hata hivyo, juu ya pikipiki moja wapo watu watatu. Mmiliki anangoja malipo yake jioni, dereva anatafuta malipo hayo pamoja na chakula chake, na abiria anataka tu kufika Kanyosha au Gihosha. Abiria huyo hakuchagua tairi wala haioni breki. Amepanda kwa imani.

Hapo ndipo ninapopata jibu. Katika desturi ya Burundi, mushingantahe alipewa heshima ya kuamua kesi za watu baada ya kula kiapo mbele ya jamii. Pikipiki haiwezi kula kiapo. Imani tunayodhani tumeiweka kwenye chuma ni amana iliyopokewa na watu: mbunifu, muuza spea, mmiliki, fundi na dereva. Nadai kwamba uzito wa amana hiyo huongezeka kadiri anayebeba hatari anavyokosa uchaguzi na ujuzi. Kwa hiyo pikipiki ya bei nafuu inayobeba abiria inadai uadilifu mkubwa kuliko pikipiki ghali ya michezo.

Mtu anaweza kupinga kwamba maskini hana uwezo wa kununua spea mpya, na kumdai hivyo ni kumnyang'anya mkate. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini umaskini unaweza kueleza kwa nini spea ni kuukuu, hauwezi kueleza kwa nini mtu adanganye. Fundi anayefunga spea iliyotumika na kudai bei ya mpya hakulazimishwa na njaa ya dereva. Dereva anayejua breki yake ni dhaifu bado anaweza kukataa kubeba watu wawili kwenye mteremko.

Wengine watasema kwamba lawama ikigawanywa kwa watu watano, hakuna atakayeibeba. Sivyo. Kila mmoja anajibu kwa kile alichokijua na alichoweza kukifanya. Machi 2022 serikali ilizuia taksi-moto, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya jiji, na ajali zilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa. Hatua ya namna hiyo inakihamisha chombo kutoka barabara moja hadi nyingine. Mmiliki aliyekataa kutoa fedha za breki haimgusi, na abiria wa Kinama anabaki na hatari ile ile.

Pikipiki, basi, haiwezi kuwa mwaminifu wala msaliti. Inaweza tu kuonyesha, kwa wakati mbaya, kama waliokabidhiwa maisha ya abiria waliyatunza. Tukisema "inaaminika", tuwe tayari kutaja majina ya watu, si jina la kampuni lililoandikwa kwenye tangi.