Dhima ya Mwandishi wa Programu ya Mirathi

Upo mjadala usiokwisha baina ya waandishi wa programu za kompyuta, juu ya lugha ipi hugawanya namba kwa namna gani, jina lipi lifaalo kigeu, na majaribio mangapi yatoshayo kabla ya kazi kukabidhiwa. Na watu wengi huudhani kuwa mjadala wa ufundi mtupu, usio na mahali katika elimu ya dini wala katika hikima. Mimi naona kinyume, na hoja yangu naichukua katika kadhia ambayo Waislamu wa Bagamoyo, tangu Kaole na Mlingotini hata Saadani, huikabili kila anapofariki mwenye shamba la minazi, nayo ni kuwagawia warithi mafungu yao.

Maziko yakishalipiwa, na deni, na wasia usiozidi thuluthi, hubaki mafungu yaliyotajwa katika Kurani: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Basi mwandishi akiyaandika katika lugha ya C au Java, moja kugawanywa kwa nane, kwa namba kamili zote mbili, jibu lake ni sifuri, kwa kuwa lugha hizo hutupa masalio. Python nayo ilikuwa hivyo hata lilipotoka toleo la 3, mwaka 2008, ikaanza kutoa 0.125. Kwa hiyo mjane ambaye Mwenyezi Mungu amempa thumuni ya mali ya mume aliyeacha watoto aweza kuambiwa na mashine kwamba hana kitu, wala mashine isitoe onyo lolote. Mwandishi akikimbilia desimali, thumuni itasalimika, lakini sudusi na thuluthi hazina mwisho katika hesabu ya mashine, hukatwa mahali, na kilichokatwa, kiwe kidogo namna gani, ni haki ya mtu. Dawa yake ipo, kwani Python ina aina ya namba iitwayo Fraction, ambayo huihifadhi sudusi kama moja juu ya sita pasi na kupunguza chochote.

Hata hivyo lugha njema haimtoshi asiyejua faraidhi. Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama: katika sehemu 24 mke ana 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4, na jumla ni 27, ilhali mali ni 24 tu. Asiyeijua kanuni ya aul, ya kupunguza kila fungu mafungu yanapozidi mali, atawagawia warithi kwa kufuata orodha, na akimfikia mama, ambaye haki yake hapa ni sawa na ya baba, atakuta katika minazi 24 umesalia mmoja. Hapana aliyekusudia dhuluma. Mama amedhulumiwa kwa sababu jina lake liliandikwa mwisho. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa mas'ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui, sehemu moja katika tisa. Yaani mali ifanywe mafungu 27, na kila mmoja apungukiwe kwa kadiri ya fungu lake, hata zikiangushwa nazi 2,700, mke apate 300, mabinti 1,600, baba 400 na mama 400.

Dhima ni ya nani, basi, hesabu ikipotoka? Mashine haina nia wala taklifu, na mjane hakuwa na njia ya kuyaona yaliyoandikwa ndani. Wanazuoni wa fiqhi walimhesabu mtu atibuye watu pasi na kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara aliyoyaleta, na kwa kiasi hicho sioni udhuru wa mwandishi aliyejitosa katika mirathi bila kumkalia mwenye elimu hiyo. Kumkalia huko kwataka programu isomeke: vigeu viitwe mke, deni, wasia, si herufi mojamoja zisizo na maana, ili sheikh asiyejua kompyuta aweze kuufuata mgawanyo hatua kwa hatua na kuuliza, na mas'ala ya Sayyidna Ali yawe miongoni mwa majaribio ya kwanza.

Na limebaki jambo zito zaidi. Ibn Abbas aliikataa aul, akaona upungufu uwaangukie mabinti, na Waithnaashari, ambao jamaa yao imekaa Bagamoyo miaka mingi jirani na Mashafii, nao huikataa. Kwao mama yule yule katika nazi zile zile angepata 450. Mwandishi anayechagua rai moja kimyakimya, akaifungia ndani ya programu, amefutu bila kusema kwamba amefutu; na wajibu wake ni kuitaja rai hiyo waziwazi, kwa Kiswahili, juu ya hesabu yenyewe, mahali ambapo mrithi ataisoma kabla ya kulitazama fungu lake.