Mafuta ya Mteremko

Somo: Kutoka 21:28–29

Jumapili tulisoma sheria ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe, na najua wengine walisinzia, maana nani hapa Nakuru mjini ana fahali siku hizi? Lakini angalieni inavyopima. Fahali akiua mtu mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Kama ilikuwa tabia yake, mwenyewe akaambiwa na bado hakumfunga, basi damu iko juu ya mwenyewe. Fahali ni yule yule, pembe ni zile zile. Tofauti ni kwamba sasa mtu anajua.

Twende Salgaa. Kutoka Mau Summit barabara inateremka kupitia Sachang'wan, mteremko mrefu. Dereva wa tanka anafundishwa aingize gia ya nguvu, ile ya kupandia mlima, kabla hajaanza kushuka, kwa sababu injini ndiyo inayolishikilia gari. Akingoja mpaka gari lishike kasi, gia inakataa kuingia. Akitoa gia kabisa akaweka nyutro, mzigo wote unaangukia breki. Zinachemka, na breki iliyochemka haishiki hata ukanyage kwa miguu miwili. Ndani ya tangi nayo mafuta yanacheza, kwenye kona yanalivuta lori upande. Na usidhani tanka tupu ni salama: ule mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja tu.

Madereva wanayajua haya yote. Wengine wanaketi viti vya nyuma hapa kanisani na wanayajua kuniliko mimi. Kwa nini basi mtu aweke nyutro? Kwa sababu mafuta anayookoa kwenye mteremko anayauza. Kuna mtu kando ya barabara anamngoja na mtungi.

Mimi nilisomea biashara, na huko unafundishwa kuuliza: hii bei ya chini, nani anailipia? Mwenye lori anayetoa mshahara ambao anajua hautoshi, kisha akafumba macho, ameuachia mteremko umlipie mfanyakazi wake. Vitabu vyake vya hesabu ni safi. Kutoka 21 haisomi vitabu hivyo.

Lakini tusimseme tajiri ambaye hayuko hapa, halafu tuende nyumbani. Juzi tukipanga bajeti ya jenereta, mzee wetu mmoja alisema kuna dizeli ya bei nafuu, mtungi unaletwa hadi mlangoni. Nikamwuliza inatoka wapi. Akanijibu, na si mtu mbaya: "Pasta, mafuta yameshatoka kwa lori. Mimi nisiponunua, jirani atanunua. Dhambi yangu iko wapi hapo?"

Ni swali zuri, nililala nalo. Ni kweli mtungi huo mmoja haujaua mtu. Lakini dereva hatoi gia kwa ajili ya mtungi wa jana. Anatoa gia leo kwa sababu ana hakika kesho atapata mnunuzi, na hiyo hakika anaipata kwetu. Na kusema jirani atanunua ni kusema fahali wako wengi kijijini. Sawa, lakini wewe utaulizwa kamba ya wako.

Tena hakuna atakayesema hakuambiwa. Tarehe 31 Januari 2009 tanka lilipinduka Sachang'wan, watu wakakimbilia petroli na mitungi, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Desemba 2016 tanka lingine lilimshinda dereva pale Karai, Naivasha, likagonga magari na kuwaka. Karibu watu 40. Sizitaji kwa sababu ya nyutro, wala sisemi waliokufa walikuwa na dhambi kutuliko. Bwana alikataa hesabu hiyo alipotaja mnara wa Siloamu. Nazitaja kwa sababu tangu siku hizo kila mtu wa kaunti hii anajua tanka linaweza kufanya nini.

Basi kamati imekubaliana: dizeli ya kanisa itanunuliwa petroli stesheni, na risiti iwekwe kwenye faili. Gharama imepanda, mweka hazina atawasomea. Nanyi madereva, Alhamisi baada ya maombi ya mchana nitakuwa ofisini. Kama mshahara haufiki mwisho wa mwezi, njoo tuongee hiyo habari kabla hujaondoka safari ya Ijumaa.