Nani Ashike Kisu?

Neno ninaloliandika leo laweza kuonekana dogo, maana ni habari ya kuchinja mbuzi tu. Walakini katika nchi yetu damu ya mtu imekwisha kumwagika kwa neno hili. Tarehe 11 Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, fujo iliwaka kati ya Wakristo na Waislamu juu ya nyama iliyochinjwa na Wakristo, na Mchungaji Mathayo Kachila akauawa.

Geita ni mbali nasi, lakini mbuzi ni yule yule. Huku Uvidunda, katika milima iliyo juu ya Mto Ruaha, twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba aweza kuwa Mwislamu na mpwa wake Mkristo, na msiba wa mmoja ni msiba wa wote wawili. Ikiwa mnyama wa matanga hakuchinjwa kwa sheria ya mjomba, basi mjomba atakaa kando ya sufuria kama mpita njia, katika msiba wa dada yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo wazee katika sehemu nyingi za nchi hii walizoea kumpa Mwislamu kisu, watu wote wapate kula pamoja.

Je, Mkristo aachaye kisu hivi amependa, au amejidhili? Wako wasemao amejidhili, nao si wapumbavu. Husema: sisi tumewekwa huru, kila chakula ni safi kwetu, mbona tuombe ruhusa ya mtu mwingine kwa nyama yetu?

Mtume Paulo aliulizwa neno lililo karibu na hili na Wakristo wa Korinto. Nao walikuwa na haki yao, wakaishika sana. Paulo hakuwanyima haki ile. Aliwaonya tu wasiitumie kumwangusha ndugu. Mtu atasema, "Huyo ndugu alikuwa Mkristo dhaifu, Mwislamu si Mkristo." Ni kweli. Lakini asome mbele kidogo katika waraka ule ule, ataona Mtume anataka wasiwe kwazo hata kwa Wayahudi na Wayunani, ambao hawakuwa wa kanisa. Anayeweza kula nyama zote ndiye aliye na nafasi ya kumpisha mwenzake. Yule ambaye dhamiri yake imemfunga hana nafasi hiyo. (Najua kwamba Kurani yenyewe, katika sura ya Maida, huhalalisha chakula cha watu wa Kitabu, na kwamba wanazuoni wao hubishana juu ya masharti yake. Wabishane wao. Si kazi yetu kumfundisha jirani dini yake ili tupate kushika kisu.)

Walakini neno hili lina upande wa pili, wala sitaki kuuficha. Zawadi ikidaiwa kwa ukali hugeuka kuwa kodi. Mwislamu asemaye kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuchinja kuku wake nyumbani mwake, au kuuza nyama yake kwa Wakristo wenzake, amevunja kile alichopewa kwa upendo. Kwa maoni yangu, katika karamu na matanga ya wote tumpe mwenzetu kisu kwa hiari. Nyumbani kila mtu achinje mwenyewe. Na sokoni muuzaji aseme wazi nyama yake imechinjwa na nani, asimdanganye mtu. Na anayeacha kisu kwa kuogopa kupigwa hajafanya amani bado.

Najua swali litakalofuata: "Basi sisi tutatoa siku zote, na wao watatoa nini?"

Tazameni kaskazini mwa Kenya. Mwezi wa Novemba 2014, karibu na Mandera, watu wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakaamuru tena abiria watengane kwa dini. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, wasitambulikane, na abiria wakawaambia wauaji kwamba kama ni kuua, wawaue wote pamoja. Watu wawili waliuawa siku ile, wengi wakasalimika. Mwislamu mmoja katika basi lile, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafa kwa jeraha lake mwezi wa Januari 2016, hospitalini Nairobi. Hakungoja kwanza kuuliza kama abiria wale Wakristo, huko kwao, humwachia Mwislamu kisu.