Profesa wa Viti

Mwishoni mwa miaka ya 1950, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weyburn, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, ilikuwa imekarabati wodi ya akina mama wazee. Viti vilikuwa vipya na vya rangi za kupendeza, mapazia mapya, sakafu inang'aa. Mgeni yeyote angesifu. Wazee wenyewe, hata hivyo, hawakuchangamka. Walishinda wamekaa bega kwa bega, migongo ukutani, kimya, kana kwamba kila mmoja yuko peke yake. Mganga mkuu, Humphry Osmond, akamwomba mwanasaikolojia kijana wa hapo hospitalini, Robert Sommer, atazame kulikoni.

Msomi mwenye shahada ya uzamivu ungemtarajia aanze na maradhi ya hao wazee, umri wao, dawa wanazomeza. Sommer alitazama viti. Huko ukumbini nje ya wodi aliona jambo ambalo kila mhudumu alikuwa akiliona kila siku bila kulijali. Asubuhi viti vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, vimenyooka. Baada ya saa za kutazama wagonjwa, vilikutwa katika viduara vidogo vidogo. Jamaa waliokuja kumwona mama yao walikuwa wamevivuta ili waonane nyuso wakizungumza. Kisha mtu alipita, akavirudisha kwenye mstari.

Ule mstari nao ulikuwa na sababu zake. Anayepiga deki alipata njia, toroli la chakula lilipita bila kumgonga mtu, chumba kikaonekana nadhifu. Waliofaidi mpangilio walikuwa wale wanaosimama. Anayekalia kiti hakuwa ameulizwa.

Sommer na wenzake wakaingiza meza ndogo ndani ya wodi, wakazizungushia viti, wakaweka maua na magazeti. Ungedhani wazee watafurahi. Wapi! Wengine walivirudisha viti ukutani kwa mikono yao wenyewe. Hapa ndipo hadithi inaponishika, kuliko hata matokeo yake. Mtu akishaishi na mpango uliomtenga na wenzake, huuchukua ukawa wake. Ukija kuuvunja, yeye ndiye wa kwanza kukupinga, na ukiwa na haraka utaandika kwenye ripoti yako kwamba wagonjwa walipendelea ukuta. Sommer hakuwa na haraka. Wiki zilipita, wazee wakazoea. Watafiti walipohesabu tena, mazungumzo yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya nusu ya yale ya awali, na magazeti yakawa yanasomwa.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1958, na kwa namna fulani maisha yote ya kitaaluma ya Sommer yalitoka kwenye viti vile. Alihamia Chuo Kikuu cha Alberta, na mwaka 1963 akaingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, akabaki huko hadi kustaafu. Fani yenyewe, saikolojia ya mazingira, ilikuwa changa, na yeye ni mmoja wa walioitia miguu. Fani hiyo huuliza pahali panamfanyia nini mtu: chumba, korido, darasa, stendi, gereza.

Napenda kuwazia jinsi kazi hiyo ilivyoonekana kwa majirani zake. Akiwa Edmonton alichunguza baa. Akaona kwamba anayekunywa na kundi humaliza glasi nyingi kuliko anayekunywa peke yake, lakini si kwa kuwa anakunywa upesi: mwendo ni uleule, ila mwenye kampani anachelewa kuondoka. Jambo dogo hilo, na wake wengi wangelijibu bila utafiti. Lakini kulijua kwa kukisia si sawa na kulijua kwa kukaa kona ya baa na daftari, unahesabu glasi za watu wengine huku yako inapoa. (Sijui bia inapoa au inapata moto, wajuzi watanisahihisha.)

Mwaka 1969 alitoa kitabu chake maarufu, Personal Space. Humo aliandika juu ya viwanja vya ndege, ambako viti hufungwa pamoja katika safu na kuelekezwa kaunta. Abiria hana namna ya kumgeukia mwenzake vizuri, anachoka, anaishia kwenda kwenye mgahawa na maduka, na hilo aliona si bahati mbaya. Kila ninapokaa kwenye kiti cha chuma kilichokazwa kwa boliti sakafuni, namkumbuka.

Kitabu hicho kina upande mmoja ambao haukuvuka bahari vizuri. Sommer na mwenzake waliwahi kumketisha mtafiti karibu mno na mtu aliyejikalia zake, kwenye bustani ya hospitali au maktabani, kisha wakapima muda hadi yule mtu ainuke aondoke. Wengi waliondoka. Sasa isome taarifa hiyo ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, saa kumi na moja jioni, kiwiko cha jirani kikiwa mbavuni mwako na mtoto wa mtu mapajani. Mtafiti angesubiri hadi mwisho wa ruti. Mwanaanthropolojia Edward Hall alikuwa tayari ameshaandika mwaka 1966 kwamba umbali wa heshima hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwa hiyo simlaumu Sommer. Nasema tu kwamba vipimo vyake tusivipokee vizima vizima. Kinachofaa kupokewa ni ile tabia yake ya kutazama.

Kwani na sisi tunayo ya kutazamwa. Mafundi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja walijenga baraza za mawe mlangoni, mara nyingi upande huu na upande huu, na kwa wembamba wa mitaa yenyewe baraza ya nyumba moja ikakabiliana na ya pili. Huwezi kukaa pale ukamkosa wa kumwamkia. Halafu tumejenga ofisi na zahanati, tukayapanga mabenchi yote yatazame dirisha moja lililofungwa, kila mtu na kisogo cha mwenzake. Ajabu ni kwamba watu bado wanaongea. Mama anageuka nusu, anapakata mtoto begani, anamuuliza wa nyuma amefika saa ngapi. Shingo ndiyo inayolipa gharama.

Huko Davis, Sommer aligeukia pia darasa. Yeye na wenzake wakachukua chumba kimoja, wakatoa viti vya mistari, wakaweka zulia, mabenchi yenye mito kuzunguka kuta na taa za kupunguza na kuongeza, na wanafunzi wakachangia mada zaidi kuliko katika madarasa ya kawaida. Akafuatilia masoko ya wakulima, akilinganisha na supamaketi: sokoni watu walikuja wawili watatu na kusimama kuzungumza, supamaketi wengi walipita peke yao na kitoroli. Pamoja na mkewe, Barbara Sommer, mwanasaikolojia pia, aliandika kitabu cha kufundisha wengine namna ya kufanya utafiti wa tabia.

Namfikiria kijana wa chuo chochote hapa kwetu anayekwenda kwa msimamizi wake na pendekezo la kuchunguza mabenchi ya kliniki ya wajawazito. Naisikia sauti ya msimamizi: tafuta mada nzito, hii haina wafadhili. Labda ni kweli haina. Lakini ningependa kuisoma tasnifu hiyo kabla ya nyingi zilizojaa rafuni. Ningetaka kujua mama mwenye tumbo la miezi minane anainukaje kwenye benchi lisilo na mgongo, na anakaa upande gani ili asikie jina lake likiitwa. Ningetaka kujua mume aliyemsindikiza anasimama wapi, kama kuna mahali alipowekewa asimame, na ni nani hasa aliyechora ramani ya ule ukumbi, na kama aliwahi kukaa humo hata asubuhi moja.